Wanga na mazoezi makali: ule kiasi gani, saa ngapi, na kwa nini miguu hugoma

Mwanariadha anakimbia mita 1,000 mara sita. Vipande vitatu vya kwanza anavimaliza kwa dakika 3 na sekunde 10. Cha nne kinafika 3:16, cha tano 3:22, cha sita anaburuta miguu. Kocha anapaza sauti ajikaze. Kabla ya kumlaumu, angemuuliza jana alikula nini, na mara ya mwisho kutia kitu mdomoni ilikuwa saa ngapi.

Maelezo haya yanamhusu anayefanya kazi ya kasi: mbio za vipande uwanjani, fatleki (mbio za kubadilisha kasi na taratibu bila kusimama), kupandisha mlima mbio, mechi ya soka, ndondi, baiskeli, au ile mizunguko ya gym inayomwacha mtu ameinama kashika magoti. Anayetembea nusu saa jioni hana haja ya hesabu hizi, chakula chake cha kila siku kinamtosha. Mifano yote imepigwa kwa mtu wa kilo 60. Kama una kilo 75, chukua gramu kwa kilo uzidishe kwa uzito wako.

Kasi inakula nini

Wanga mwilini una maghala mawili. Misuli huhifadhi takriban gramu 300 hadi 500 za glaikojeni, yaani wanga uliowekwa akiba, na ini gramu 80 hadi 100 hivi. Mafuta yapo tele hata kwa mkimbiaji aliyekonda, ila hutoka ghalani polepole. Mkienda mwendo wa kupiga soga, mafuta yanabeba sehemu kubwa ya kazi. Ukiongeza kasi, wanga unashika usukani, na ukifika pale ambapo huwezi kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi, karibu nishati yote inatokana na wanga.

Sababu ni mbili. Kwanza, wanga unaweza kuvunjwa na kutoa nguvu hata kabla oksijeni haijafika ya kutosha, jambo ambalo mafuta hayawezi. Pili, lita moja ya oksijeni ikichoma wanga hutoa kalori 5.0 hivi, ikichoma mafuta hutoa 4.7. Tofauti hiyo ni ndogo machoni, lakini mtu ambaye moyo na mapafu yake vimefika mwisho hana oksijeni ya kuchezea, na asilimia 6 ndiyo inayomtenga na aliye mbele yake.

Mbio za nguvu zote kwa sekunde 30 tu zinaweza kupunguza glaikojeni ya msuli unaofanya kazi kwa takriban robo. Na zinazomalizika kwanza ni nyuzi za kasi, zile unazoziita pale unapotaka kuchomoka. Ndiyo maana mtu aliyepungukiwa hujiona mzima anapokimbia taratibu, kisha akitaka kuongeza gia hakuna kinachoitika.

Kuna jaribio la mwaka 1966 ambalo kila kocha anapaswa kulijua. Watafiti wawili wa Sweden, Bergström na Hultman, walijifanyia wenyewe: walipanda baiskeli moja, kila mmoja akikanyaga kwa mguu mmoja tu mpaka ukachoka kabisa, mguu wa pili umepumzika. Siku tatu zilizofuata walikula wanga kwa wingi, huku wakichukua vipande vidogo vya msuli kwa sindano. Mguu uliofanya kazi ulijaza glaikojeni hadi karibu maradufu ya ule uliokaa bure. Mwaka uliofuata, wao pamoja na wenzao walionyesha kwamba mtu yuleyule, kwa mzigo uleule wa baiskeli, alidumu karibu saa moja baada ya siku kadhaa za chakula cha mafuta na protini, karibu saa mbili kwa chakula cha mchanganyiko, na karibu saa tatu kwa chakula cha wanga mwingi.

Mafunzo mawili hapo. Msuli uliochoka ndio wenye njaa zaidi ya wanga. Na glaikojeni ikishaingia kwenye msuli haitoki kwenda kusaidia mwingine: mikono iliyojaa haiwakopeshi mapaja.

Piga hesabu ya kazi kabla ya kupika

Kukimbia hugharimu takriban kalori 1 kwa kila kilo ya uzito kwa kilomita. Mtu wa kilo 60 anatumia kalori 60 hivi kwa kilomita. Chukua siku ya mita 1,000 mara kumi, ukianza na kilomita 3 za kupasha mwili na kumaliza na 3 za kupoza.

Kilomita 10 za kasi ni kalori 600. Tukichukulia asilimia 90 zimetoka kwenye wanga, hizo ni kalori 540, na gramu moja ya wanga ina kalori 4, kwa hiyo gramu 135. Kilomita 6 za taratibu ni kalori 360, nusu yake wanga, yaani gramu 45. Jumla gramu 180 kwa asubuhi moja. Ni makadirio, wala mwili wako hausomi kalkuleta, lakini yanatosha kukuonyesha hatari iliko: ghala la misuli yote ni gramu 300 hadi 500, na sehemu yake iko mikononi na mgongoni, isikofaa kwa mbio. Ukimaliza kazi hiyo Jumanne, ukala kama mtu wa ofisini, kisha Jumatano ukapandisha mlima, Alhamisi utafika kwenye fatleki ukiwa na tangi la kuombea dua.

Hesabu hiyohiyo inakuonyesha pia pasipo na haja. Mbio za mita 5,000 zinatumia gramu 75 hivi. Kujishindilia sahani tatu za wali usiku wa kuamkia mita 5,000 hakukuongezei kasi, kunakuongezea uzito, kwa sababu kila gramu ya glaikojeni hulala na takriban gramu 3 za maji. Kwa mbio fupi hakikisha tu hufiki ukiwa umepungukiwa. Kwa mita 800 mambo ni hayohayo: siku mbili tatu za kukwepa wanga zinaharibu mbio, lakini wanga wa ziada juu ya ghala lililojaa haukununulii chochote.

Kiasi cha siku

Viwango vinavyotumiwa na wataalamu wa lishe ya michezo ni hivi, kwa kila kilo ya uzito kwa siku:

- Siku ya kupumzika au mazoezi mepesi: gramu 3 hadi 5.
- Mazoezi ya saa moja hivi, ya wastani au yenye kasi kidogo: gramu 5 hadi 7.
- Saa 1 hadi 3 zenye kazi ngumu ndani yake: gramu 6 hadi 10.
- Saa 4 na kuendelea: gramu 8 hadi 12.

Wengi hukosea hapa kwa kula kiasi kilekile siku zote saba. Ukila gramu 6 Jumapili umelala na gramu 6 Jumanne ya vipande kumi, wastani wa wiki unapendeza lakini Jumanne imekufa. Chakula kiongezwe kuanzia mchana wa siku iliyotangulia kazi ngumu, kiendelee hadi saa 24 baada yake.

Anayedhani gramu 10 kwa kilo ni nadharia za maabara, atazame Bonde la Ufa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2004 ulipima chakula cha wanariadha 10 wa Kikalenjin wa kiwango cha juu waliokuwa kambini Kenya. Wastani wao ulikuwa gramu 10.4 za wanga kwa kila kilo kwa siku, asilimia 76.5 ya nishati yote. Hawakutegemea poda wala vidonge. Walikula ugali, wali, viazi, mkate, uji, maharage na kabichi, wakanywa chai ya maziwa yenye sukari ya kutosha, na baada ya mazoezi walikula mapema.

Vipimo vya jikoni

Mzani mdogo wa jikoni ni ununuzi wenye faida kuliko jeli yoyote, ile sukari nzito ya pakiti ya wanariadha. Pima wiki mbili tu, baada ya hapo jicho litakuwa limezoea. Pima unga na mchele vikiwa vikavu, kwa sababu maji ya kupikia hubadilika kila siku na ugali wa Bi. Fulani si ugali wa jirani yake.

Unga wa mahindi gramu 100 una wanga gramu 75 hivi, uwe ugali au uji. Mchele mkavu gramu 100 una karibu 80. Muhogo wa kuchemsha gramu 100 una 35 hadi 38, viazi vitamu 20 hivi, viazi mviringo vya kuchemsha 17 hadi 20. Ndizi mbivu ya wastani ni 25. Kipande cha mkate mweupe ni 14 hivi. Chapati moja ya kawaida ni 35 hadi 40, lakini ina mafuta, na tutarudi kwenye mafuta. Kijiko cha chai cha sukari kilichosawazishwa ni 4, cha chakula ni 12. Asali kijiko cha chakula ni 17. Tende ndogo moja ni 6. Soda ya mililita 300 ni 30 na kitu. Kikombe cha chai ya maziwa chenye vijiko viwili vya sukari kinafika 15.

Sasa siku nzima ya mtu wa kilo 60 mwenye kazi ya kasi saa 3 asubuhi:

Saa 12 asubuhi, vipande 4 vya mkate, vijiko 2 vya chakula vya asali na kikombe cha chai: gramu 105. Dakika 15 kabla ya kuanza, ndizi moja: 25. Katikati ya kazi, nusu lita ya kinywaji cha sukari kilichoelezwa hapa chini: 30. Saa 5, uji wa gramu 60 za unga wenye vijiko vitatu vya chai vya sukari, na ndizi: 83 hivi. Saa 8 mchana, wali wa gramu 120 za mchele na nusu kikombe cha maharage, na mboga: 115. Saa 11 jioni, chai na viazi vitamu gramu 200: 55. Usiku, ugali wa gramu 100 za unga kwa sukuma wiki na samaki: 75.

Jumla gramu 488, gramu 8 kwa kilo na ziada kidogo. Utaona ugali wa usiku umechangia chini ya moja ya sita. Anayekula mlo mmoja mkubwa usiku akitegemea umbebee siku nzima hafikii kiasi hiki hata akilazimisha tumbo.

Kabla ya kazi

Kanuni ni gramu 1 hadi 4 kwa kilo, saa 1 hadi 4 kabla. Kadiri muda unavyokaribia, ndivyo kiasi kinavyopungua na chakula kinavyokuwa laini. Saa 4 kabla unaweza kula sahani kamili ya wali. Saa 2 kabla, mkate na asali, au uji mwepesi. Nusu saa kabla, ndizi au mikupuo ya kinywaji.

Mlo huu si wa kujaza misuli, hiyo ni kazi ya jana. Ni wa ini, ambalo limelisha ubongo usiku kucha na linaamka limepungua sana. Ndiyo sababu kukimbia taratibu alfajiri kwa chai tupu hakuna neno, lakini kazi ya kasi asubuhi ukiwa na tumbo tupu inaharibika mapema.

Vinavyoharibu tumbo kabla ya kasi ni vya kwetu kabisa: maharage na kande, kwa ajili ya gesi na nyuzinyuzi, chipsi, maandazi na chapati za kung'aa, kwa sababu mafuta hukalisha chakula tumboni, dona na matembele kwa wingi, kwa sababu ile ile ya nyuzinyuzi. Vyote ni vyakula vizuri. Vipelekwe mchana na usiku. Siku ya mashindano sembe inamshinda dona, hata kama siku nyingine zote ungeshauriwa kinyume.

Wapo wachache ambao wakila sukari dakika 30 hadi 60 kabla ya kuanza, insulini hupanda, na dakika za kwanza za mazoezi zinawakuta sukari ya damu imeshuka: mikono inatetemeka, kijasho chembamba, kizunguzungu. Kama wewe ni mmojawapo, kula saa 2 na nusu kabla, kisha usiguse kitamu mpaka umeanza kupasha mwili. Ukinywa wakati mwili tayari umechangamka, adrenalini huibana insulini na tatizo halitokei.

Wakati wa kazi

Chini ya dakika 45, maji yanatosha. Kati ya dakika 45 na 75 za kasi, kiasi kidogo kinasaidia, na hapa kuna jambo la ajabu. Mwaka 2004 waendesha baiskeli tisa walishindana na saa kwa kazi ya takriban saa moja, wakisukutua mdomo kwa maji yenye wanga na kuyatema kila baada ya muda. Hawakumeza hata tone. Walikwenda haraka zaidi kwa karibu asilimia 3 kuliko waliposukutua maji matupu. Katika jaribio jingine, watafiti haohao walipowatia waendesha baiskeli glukosi moja kwa moja kwenye mshipa, hakukuwa na faida. Mdomo una vihisio vinavyoutangazia ubongo kuwa chakula kinakuja, na ubongo unalegeza breki. Kwa hiyo mwenye tumbo linalochafuka kwenye kasi asukutue kinywaji kitamu sekunde 5 hadi 10 kisha ateme, kila dakika 10 hivi. Faida huwa ndogo kwa aliyekula vizuri asubuhi.

Kati ya saa 1 na saa 2 na nusu, lenga gramu 30 hadi 60 kwa saa. Zaidi ya hapo unaweza kwenda hadi 90, lakini kwa mchanganyiko. Mlango wa utumbo unaopitisha glukosi hujaa kwenye gramu 60 hivi kwa saa. Fruktosi, sukari ya matunda, ina mlango wake. Ndiyo maana poda ya glukosi peke yake, ile ya pakiti ya dukani, ukiizidisha huketi tumboni na kuleta kichefuchefu, ilhali sukari ya kawaida, ambayo nusu yake ni glukosi na nusu fruktosi, hutumia milango yote miwili.

Kinywaji cha nyumbani, lita moja:

1. Chemsha maji, yaache yapoe.
2. Tia vijiko 5 vya chakula vya sukari vilivyosawazishwa. Hizo ni gramu 60.
3. Tia robo kijiko cha chai cha chumvi.
4. Kamulia nusu ndimu. Ni kwa ajili ya ladha tu, lakini kinywaji kisichonyweka hakisaidii.
5. Koroga mpaka chembe zote ziyeyuke, weka mahali pa baridi, kitumie siku hiyohiyo.

Usizidishe sukari kufika vijiko 8 ukidhani unaongeza nguvu. Kinywaji kikivuka asilimia 8 tumbo linachelewa kukiachia, na kwenye kasi damu imehamia miguuni, kwa hiyo kinabaki kikitikisika tumboni kama maji kwenye dumu lisilojaa. Soda ina asilimia 10 hadi 11: ichanganye nusu kwa nusu na maji, na uitoe gesi kwanza. Jeli nyingi zina gramu 20 hadi 25. Kila moja ifuatwe na mikupuo kadhaa ya maji, kamwe isifuatwe na kinywaji kingine cha sukari.

Utumbo nao hufundishwa. Anza na gramu 30 kwa saa kwenye mazoezi, ongeza 10 kila wiki. Anayejaribu gramu 90 kwa mara ya kwanza siku ya mashindano atazikuta vichakani.

Baada ya kazi

Kama una kazi nyingine ndani ya saa 8, kula gramu 1 hadi 1.2 kwa kilo kila saa kwa saa nne za mwanzo. Kwa kilo 60 hizo ni gramu 60 hadi 72 kila saa: uji na ndizi, kisha viazi, kisha wali. Msuli uliomwagwa hupokea kwa kasi zaidi mara tu baada ya kazi, na saa mbili za kukaa kijiweni ukisimulia mbio hazirudi. Ongeza protini kidogo, maziwa au mayai mawili, kwa ajili ya kukarabati misuli.

Kama kazi inayofuata ni kesho, haraka hiyo haina umuhimu mkubwa. Kinachohesabika ni jumla ya saa 24, kwa kuwa ghala lililokauka huchukua karibu siku nzima kujaa hata ukila vizuri.

Kwa mashindano yanayozidi dakika 90, marathoni kwa mfano, jaza ghala kwa gramu 10 hadi 12 kwa kilo kwa saa 36 hadi 48, huku mazoezi yakiwa mepesi mno. Ule mtindo wa zamani wa kujinyima wanga siku tatu kwanza hauna lazima. Punguza mboga na maharage ili upate nafasi tumboni, tegemea wali, sembe, mkate, uji, juisi na chai yenye sukari. Mizani ikipanda kilo 1 hadi 2, hayo ni maji yaliyolala na glaikojeni. Usianze kukimbia kuyapunguza.

Mechi ya soka

Mpira ni kazi ya kasi iliyofichwa ndani ya matembezi. Watafiti wa Denmark waliochukua sampuli za misuli ya wachezaji waliona mwisho wa mechi karibu nusu ya nyuzi za paja zimebaki tupu au karibu na utupu. Kazi ya zamani zaidi, ya miaka ya 1970, ilionyesha kuwa walioingia na glaikojeni pungufu walikimbia umbali mdogo na kutembea zaidi, hasa kipindi cha pili. Mabao mengi ya dakika za mwisho yanaanzia hapo: beki anaona mpira unapita, kichwa kinajua, miguu haiendi.

Kwa mechi ya saa 10 jioni, kifungua kinywa kamili, kisha wali au sembe kwa kuku au samaki usiozama kwenye mafuta, saa 6 na nusu mchana. Dakika za kupasha mwili, mikupuo ya kinywaji. Mapumziko, nusu lita au ndizi na maji. Timu za mtaani zilizozoea chungwa wakati wa mapumziko haziko mbali na ukweli, ila chungwa moja lina gramu 15 tu hivi. Wape mawili, au chungwa na kinywaji.

Mwezi wa Ramadhani

Kazi ya kasi ihamie baada ya futari. Fungua kwa tende tatu na uji au maji matamu, swali, pumzika saa moja na nusu hadi mbili, kisha fanya kazi ya vipande, iwe fupi kuliko miezi mingine. Mlo mkubwa wa wali, viazi au muhogo uje baada ya kazi. Sambusa na bajia ni baada ya kazi pia. Ukizila kwanza utazionja tena kwenye kipande cha tatu. Daku iwe na wanga unaokaa: ugali, muhogo, viazi vitamu, na maharage kwa anayeyaweza. Kabla ya magharibi fanya mwendo mwepesi tu.

Miguu ikigoma, tafuta chanzo

Dalili za upungufu hufanana, dawa hazifanani. Ikiwa mwendo wa taratibu unakwenda vizuri lakini kasi haipo kabisa, na uzito wa asubuhi umeshuka kilo 1 au zaidi ndani ya siku mbili huku mkojo ukiwa mweupe, shuku ghala la misuli. Hakuna jeli itakayokuokoa siku hiyo. Acha kazi ya kasi, kimbia mepesi, kula gramu 8 kwa kilo, urudi baada ya saa 24 hadi 36.

Ikiwa ulianza vizuri kisha ghafla ukatetemeka, njaa kali, jasho baridi, mawazo kupotea, hiyo ni sukari ya damu. Simama, chukua gramu 15 hadi 20 za kitu kitamu, soda nusu chupa au asali kijiko kimoja, subiri dakika 15. Mwenye kisukari, hasa anayechoma insulini, apange vipimo vyake na daktari kabla ya kufuata kiasi chochote kilichoandikwa hapa.

Ikiwa mkojo ni wa rangi ya chai na moyo unadunda kuliko kawaida hata ukipumzika, shuku upungufu wa maji. Na ikiwa umekula vizuri siku tatu mfululizo, umelala, maji yapo, na bado kasi haiji, usiendelee kulaumu sahani. Kapime malaria na wingi wa damu.

Wanaopunguza wanga kwa makusudi

Mtindo wa kula mafuta mengi na wanga kidogo mno hufundisha mwili kuchoma mafuta, hilo ni kweli. Bei yake hulipwa kwenye kasi. Utafiti wa Australia uliochapishwa 2017 uliwafuatilia watembeaji kasi wa kiwango cha kimataifa kwa wiki tatu za mazoezi makali. Waliokula wanga wa kutosha waliboresha muda wao wa kilomita 10 kwa asilimia 5 hadi 7. Waliokula mafuta mengi hawakuboresha, kwa sababu walihitaji oksijeni zaidi kwa mwendo uleule. Mwili uliozoea mafuta pia hufunga nusu mlango wa kuchomea wanga, kwa hiyo hata ukila wali usiku wa mwisho, mlango haufunguki siku hiyohiyo.

Ukitaka kuujaribu mwili na wanga kidogo, fanya hivyo kwenye kilomita 8 hadi 12 za mwendo wa soga alfajiri, kabla ya chai, mara moja au mbili kwa wiki. Siku ya vipande uingie uwanjani umekula. Mwanamke akiona hedhi imekatika, au yeyote akianza kuumia mifupa mara kwa mara, aache majaribio hayo na aongeze chakula chote kwa jumla, mafuta na protini vikiwemo.